Chujio la Dizeli Asubuhi ya Harusi

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu, jirani na Mollo, na majivuno yalinijaa. Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu Yustina nilibadilisha chujio la dizeli pale nyumbani, mbele ya wakwe, wajue wanaoa kwa fundi.

Nilipopiga stata, lori likakohoa, likazima. Misa ilikaribia. Nikatangaza kwamba pampu imekufa. Wazee, ndani ya makoti yao ya Jumapili, wakalisukuma huku wakiimba Kifipa; halikuwaka, wala hakuna aliyenilaumu. Nawakumbuka mpaka leo, wengi wao hawapo tena.

Yustina, ambaye aliwahi kuwapikia mafundi wa karakana mjini, akashuka kutoka kwenye lori na gauni lake jeupe.

"Kaka, ulipofunga chujio ulitoa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli?"

Nikampisha. Akalegeza skrubu ya juu ya chujio, akapampu kwa mkono. Povu likatoka, kisha dizeli safi. Lori likawaka mara moja.

Baba mkwe wake akatutazama wote wawili, akaniuliza kwa upole, "Kwani fundi ni yupi kati yenu?"