Siku Nilipomwomba Mtani Anitukane

Nitalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine: mimi, katibu wa kijiji, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, niliwahi kupiga magoti mbele ya waombolezaji na kumsihi mtu anitukane. Akakataa. Tena alikataa kwa kunitajia kifungu cha sheria niliyoiandika kwa mkono wangu.

Chanzo chake ni kitabu. Shule niliiachia darasa la nne, lakini nilikuwa na utaratibu wangu, kila siku kurasa tano, maneno magumu nayaandika pembeni, na redio naisikiliza penseli ikiwa mkononi (mke wangu alizoea kusema kwamba mimi na redio tunafanana, ila redio unaweza kuizima). Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kasansa, padri mmoja akaniazima kitabu cha Kiingereza kuhusu Wayahudi wa Ulaya, nami nikakisoma kwa kamusi miezi mitatu mizima.

Sikukisoma kwa raha. Nilijifunza kwamba maangamizi yale hayakuanza na bunduki, yalianza na maneno. Tauni ikiingia mjini, watu wanasema Wayahudi wametia sumu visimani, nao wanachomewa nyumba. Karne nyingi baadaye zikaja sheria zenye namba na mihuri, huyu asifundishe shule, huyu asiketi kwenye benchi lile, zikaandikwa na makarani wenye mwandiko mzuri. Pale kwenye makarani nilipiga mstari kwa penseli. Ningepiga miwili kama ningejua.

Basi nikaomba nafasi katika darasa la elimu ya watu wazima, nikasomesha somo hilo alasiri nzima. Walisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Katekista wetu, ambaye ni mtu mpole, akauliza kama si hao hao waliomsulubisha Bwana. Nikamjibu kwamba hukumu aliitoa liwali wa Kirumi, na kwamba wanafunzi wote kumi na wawili walikuwa Wayahudi, na Mama Maria vilevile. Hapo minong'ono ikaanza. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mbele, na kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawasemezani, hupitisha maneno kwa mtu, kwa hiyo katekista akageuka akaniambia, "Mama anauliza, Mama Maria ni Myahudi toka lini?"

"Mwambie, tangu kuzaliwa kwake."

Mama akafunga khanga yake vizuri, akatikisa kichwa, na tangu siku ile aliwaheshimu Wayahudi kuliko alivyoniheshimu mimi.

Sifa zilinipanda kichwani. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba zipo nchi zenye sheria za kukataza ubaguzi, nikaona kijiji chetu kisibaki nyuma. Nikaandika sheria ndogo ya vifungu saba. Cha tatu kilisema: ni marufuku mtu yeyote kumtukana, kumdhihaki au kumcheka mwenzake kwa sababu ya kabila lake, na atakayevunja atalima shamba la kijiji siku tatu. Mkutano ukapitisha bila swali hata moja. (Mvua ilikuwa imetanda. Wangepitisha chochote.)

Hapa nieleze jambo ambalo mtoto mdogo wa kwetu analijua, nami peke yangu, kwa wingi wa kusoma, nililisahau. Sisi Wafipa na Wasukuma ni watani. Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka michache kabla, alikuwa akinipitia kila asubuhi kuniuliza kama Wafipa tumeshajifunza kutofautisha ng'ombe na panya mkubwa, nami namjibu kwamba kwao mtu akiugua na ng'ombe akaugua, mganga anaitwa zizini. Tulianza siku hivyo. Baada ya sheria, akawa anapita akisema, "Habari za asubuhi, ndugu Katibu," basi. Mimi nikaandika kwenye daftari kwamba sheria inafanya kazi.

Mwezi wa pili wa sheria hiyo, baba mkwe akafariki. Alikuwa mzee wa miaka mingi, ameondoka kwa amani, tukamzika vizuri. Sasa kwetu matanga haanui mfiwa. Anayeanua ni mtani. Anavaa koti la marehemu, anashika fimbo yake, anaigiza mwendo wake, anawatukana wafiwa mpaka wacheke, na wakishacheka, mjane ananyanyuka mkekani na watu wanarudi mashambani.

Siku ya tatu Masanja alikuja, amevaa shati safi. Akatoa pole. Akaketi, akakunja mikono. Tukamngoja. Koti likaletwa, likawekwa mbele yake, akalitazama kama mtu anayetazama koti. Siku ya nne ikawa hivyo hivyo. Siku ya tano mahindi ya nyumba yangu yalikuwa yanakaribia kwisha kwa kulisha waombolezaji, magugu yalikuwa yamefika magotini mashambani, na mama mkwe bado yuko mkekani, hawezi kuinuka. Katekista akaja kuninong'oneza kwamba mama anauliza, marehemu amekosa nini kwa mkwewe hata asiagwe kama watu.

Ndipo nikapiga magoti.

"Masanja, mtani wangu, nakuomba. Nitukane."

"Kifungu cha tatu, ndugu Katibu. Siku tatu za jembe. Mgongo wangu hauwezi."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo na wajumbe wake, nikawauliza kama wanakubali kifungu kifutwe, wakajibu kwa pamoja kwamba kilichelewa kufutwa. Nikaleta daftari la mikutano, nikakifuta mbele ya kila mtu. Nikadhani tumemaliza. Masanja akasema, "Rudi nyuma kurasa kadhaa. Mkutano wa kisima. Soma."

Nikasoma. Nilianza kwa sauti ya ukatibu, ikaniishia njiani. Ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba maji ya kisima yana harufu, kwamba wanahisiwa wageni wenye ng'ombe, na kwamba kuanzia siku hiyo wageni wachote maji baada ya wenyeji wote kumaliza. Sahihi: Katibu. Nilikuwa nimeandika hayo kabla ya kitabu, na nilipokisoma kitabu, hata nilipofika penye visima, sikukumbuka.

Masanja hakupandisha sauti. "Ukiniita mchunga ng'ombe, nakuita mla panya, tumelipana. Hili la kisima ningelijibuje? Wanangu wanachota tope. Na siku mlipolipitisha, hakuna aliyecheka."

Kisha akachukua koti la marehemu, akalivaa, akashika fimbo. Lakini hakutembea mwendo wa baba mkwe. Alitembea mwendo wangu. Alisukuma baiskeli isiyokuwepo mpaka ukingoni mwa kisima kisichokuwepo, akavaa miwani ya hewa, akakunja suruali mikunjo miwili sawasawa, akapima kwa kidole, akamimina mafuta ya taa kwenye kitambaa na kusugua mnyororo, pingili moja, pingili mbili, pingili tatu, kama nilivyokuwa nikifanya kila Jumamosi, upande wa juu wa kisima. Akasuuza kitambaa. Akanusa maji. Akakunja uso, akatoa penseli, akaandika: "Ng'ombe."

Kumbe kijiji kizima kilijua. Ila kumwambia katibu usoni ni kazi ya mtani, na mtani nilikuwa nimemfunga mdomo, kwanza kwa uamuzi usio na cha kucheka, kisha kwa kifungu.

"Ng'ombe zangu hawanywi mafuta ya taa, Mfipa," akasema Masanja. "Hata hao panya wako hawanywi."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe. Alicheka mpaka akashika mbavu, na akanyanyuka mkekani mwenyewe. Katekista akanigeukia, machozi yanamtoka. "Mama anauliza, mnyororo umetakata?"

Uamuzi wa kisima ulifutwa hapo hapo, na baiskeli naioshea mtoni, nusu saa ya kutembea, kila Jumamosi, nikipungiwa mikono njia nzima. Kuandika sheria sijaacha, nitaacha nikifa. Ila niliapa kwamba hakuna kifungu kitakachofika mkutanoni kabla sijamsomea Masanja. Akicheka, nakifuta. Akinyamaza, nakifuta haraka zaidi.