Mshono wa Msichana wa Ukutani

Ipo siku ya ujana wangu ambayo hainitoki, mwanangu, nayo ilianzia kwenye kibaraza cha fundi cherehani hapa Mafinga. Dada yangu Skola alikuwa anaolewa. Tulikuwa wasichana wanne tuliochaguliwa kuwa wapambe wake, na mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kumtangulia bibi harusi kuingia ukumbini. Unanijua na magongo yangu haya. Polio iliuacha mguu wangu wa kushoto mfupi na mwembamba tangu utotoni, na baba, aliyefanya kazi ya kupasua mbao, ndiye aliyenichongea magongo ya kwanza.

Sasa mimi nilikuwa sijawahi kuchagua nguo hata moja. Mama alikuwa akienda mnadani peke yake, akirudi na furushi la mitumba, na langu mle ndani lilikuwa siku zote gauni pana, refu, la rangi ya giza. "Hili litakufunika," alisema. Usimhukumu, alinipenda sana. Lakini wenzangu walikuwa wakivalishwa, mimi nikifunikwa. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Mnadani sikuwepo, kwa hiyo na rangi ya njano niliyoipenda haikufika nyumbani hata siku moja.

Na sare ya harusi ya Skola ilikuwa ya njano! Utaelewa basi kwa nini nililala nikiiota.

Fundi wetu aliitwa Athumani, mtu mstaarabu ambaye babu zake walitoka pwani wakazoea baridi yetu. Wenzangu walisimama wima mmoja mmoja, akawapima. Zamu yangu ilipofika, nikayaweka magongo pembeni, nikaegemea ukuta, nikanyoosha shingo, nikabana pumzi. Nilitaka kupimwa kama wao. Fundi alinitazama kidogo kama mtu mwenye neno, kisha akalimeza, akapima. Huku kwetu tumelelewa hivyo, ulemavu wa mtu hautajwi mbele yake. Utaulizwa habari za nyumbani, za mahindi, hata za kuku. Mguu hautaulizwa ng'o. Tunaiita adabu.

Gauni lilikuja likiwa limebaki juma moja kabla ya harusi. Mwanangu, lilikuwa zuri! Nikalivaa, nikayashika magongo yangu, mabega yakapanda kama yanavyopanda nikitembea, na hapo hapo kwapani likachanika. Nikajaribu kupiga hatua. Pindo la upande wa kushoto likaburuza, gongo likalikanyaga, nikaanguka sebuleni mbele ya kila mtu.

Mama aliniinua huku akilia. "Basi, mwanangu," alisema. "Tutakushonea kitu kipana, utakaa na mimi kule nyuma. Mwingine atamtangulia dada yako." Nikakubali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nilikubali upesi vile.

Jioni ile akafika Shangazi Veronika kutoka Kalenga. Dada yake baba, unajua tena, harusi haiendi bila shangazi, na huyu wetu alikuwa na mdomo wa kumnyamazisha paroko. Alikuta gauni limetupwa kitini na mimi nimevimba macho. Akaligeuza geuza, akauliza, "Fundi alikupima ukiwa na magongo?"

"Hapana, shangazi. Niliegemea ukuta."

"Nani alikwambia uegemee ukuta?"

"Nilitaka kufanana na wenzangu."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Sasa sikiliza. Fundi amemshonea msichana aliyeegemea ukuta. Msichana huyo haendi harusini, amebaki kule kibarazani. Anayekwenda harusini ni wewe, na wewe hujapimwa. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Asubuhi yake alinirudisha kwa fundi, mama akifuata nyuma. Shangazi hakuzunguka. "Mpime akiwa na magongo. Mpime akitembea. Mpime na akikaa."

Fundi Athumani akamgeukia shangazi. "Mama, hata mimi nililiona tatizo. Nikaogopa kumuuliza, nikasema nitamkosea adabu binti wa watu."

"Adabu hiyo ndiyo iliyomwangusha," alisema shangazi.

Basi wakacheka wote wawili, na mimi nikajikuta nacheka. Tukaanza kazi. Fundi aliniuliza, nami kwa mara ya kwanza nikajibu: hapa gongo husaga nguo, hapa nguo hunibana nikikaa, hapa gongo hukanyaga pindo. Akaweka kwapani vipande vya kitambaa imara, akapandisha pindo upande wa kushoto, akafungua mpasuo ili mguu upate njia. Ukilitandaza mezani, lilionekana limekwenda upogo. Ukinivalisha, lilikaa sawasawa. Na mabaki ya kitambaa akayavisha magongo yangu, pale juu ninapoyakumbatia. Hilo niliomba mwenyewe.

Mama aliuona ule mpasuo, akashtuka. "Wifi, mguu wake utaonekana!"

"Uonekane," shangazi alijibu. "Kwani ameuiba?"

Siku ya harusi mama ndiye aliyenivalisha, na nyumbani kabla hatujatoka akaufunga mpasuo kwa pini. Nikatembea hatua fupi fupi hadi mlangoni pa ukumbi. Muziki ukaanza. Mama akaja mbio, akainama miguuni pangu. Nikadhani anaikaza ile pini. Kumbe anaifungua. Alibaki nayo mkononi, akalitazama gauni langu zima, akasema, "Haya, nenda. Umependeza." Nikaingia, magongo yakigonga sakafu, wapambe wenzangu wakafuata mwendo wangu, na vigelegele vya kwanza vilikuwa vya mama.

Kwa nini nakusumbua na mambo ya zamani? Kwa sababu leo nguo zinanunuliwa kwa simu, na bado wako vijana wenye ulemavu wanaoletewa tu. Kaka anachagua, dada analipia, basi linaleta mzigo, na mwenye mwili hajaulizwa. Maduka nayo yamepandishwa juu ya ngazi, na kichumba cha kujaribia hata mtu mwembamba anaingia kwa ubavu. Lakini nimeona pia mambo ya kutia moyo. Juzi nilipita kwa fundi mmoja kijana hapa mjini, ameweka ubao mpana mlangoni ili kiti cha magurudumu kipande. Mbao hapa kwetu si shida, aliyekosekana alikuwa mtu wa kufikiri. Nilipoingia, akachukua futi yake, akaniuliza bila kupepesa macho, "Bibi, nikupime umesimama na magongo, au umekaa?" Nilitaka kumkumbatia.

Kwa hiyo, mwanangu, kama wewe ndiye mwenye magongo, au kiti, au mkono mmoja, nenda mwenyewe dukani na useme rangi unayoipenda. Usijinyooshe ukutani kwa ajili ya futi, futi ndiyo ikufuate wewe. Kama wewe ni fundi au una duka, uliza. Swali la upole halimvunjii mtu heshima, na kizingiti chako kitazame kwa macho ya anayesukuma magurudumu. Na kama wewe ni mzazi, najua unaogopa watu watasema. Watasema, kisha watachoka. Fungua ile pini.

Mungu akupe nguo inayokujua, na fundi anayeuliza, na ulimi wa kumjibu. Na siku utakapoitwa kutangulia mbele ya watu, asiwepo msichana wa ukutani aliyevaa gauni lako. Uwe wewe.