Mikono ya Yaya Zaituni

Nyumba yetu ya Kamalondo, katika Elisabethville ile ya Wabelgiji, ilinuka nta iliyoyeyushwa. Baba alikuwa fundi wa vioo katika duka moja mjini, na jioni alichora maua kwenye bilauri za kuwauzia wenye arusi. Alizipaka nta, akachora kwa ncha ya sindano, kisha mistari ile ikapakwa tindikali. Kioo kililika pale tu palipokwaruzwa, ua likabaki jeupe. Kazi ya tindikali alimpa dada yangu Zaituni, tuliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba. Tindikali ile haikuunguza papo hapo. Yaya alimaliza kazi, akala, akacheka nasi, na saa kadhaa baadaye maumivu yakaanza chini ya kucha. Alipofika miaka kumi na saba, kucha sita zilikuwa zimeng'oka. Baba alisema atazoea.

Msimu wa mvua alipata mchumba, na mama wa kijana akaja kumtazama. Yaya aliketi mkekani, mikono ameificha ndani ya mtandio. Asubuhi ile alikuwa amekataa kuniazima bangili zake. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua ninachofanya. Nilimsogelea nikauvuta mtandio.

"Yaya hana na makucha," nilisema.

Mgeni aliishika mikono ile, akaigeuza kama anayekagua samaki sokoni, kisha akamgeukia mama yetu.

"Huyu atapika bukari na mikono gani?"

Bukari ndio ugali wetu wa kila siku. Mgeni alimaliza chai yake taratibu, akaaga.

Kabla ya mwezi kwisha, kijana yule yule alileta posa, safari hii kwa Salima, binti ya baba mdogo, tuliyeishi naye ua mmoja. Baba, kama mkubwa wa ukoo, alikubali, akaahidi zawadi ya bilauri kumi na mbili. Yaya aliomba, kwa sauti ya chini, kazi hiyo apewe mtu mwingine.

"Iko ndugu yako," Baba alisema. "Fanya."

Alizifanya zote, hakuharibu hata moja. Arusini watu walizisifu, na Baba akapokea sifa.

Siku hizi bilauri za maua zinatoka kiwandani, na wajukuu zangu huleta wachumba nyumbani bila mtu kukaguliwa vidole. Wanapodai kwamba sisi wa zamani tulipendana zaidi, mimi huwaongezea chai. Mimi niliolewa, nikazaa watoto sita. Yaya hakuposwa tena. Alikuja kukaa kwangu, akawaogesha wanangu wote kwa mikono ile, na mpaka anakufa hakunitajia siku ile. Nami sikumwomba radhi. Kila wiki nilimwachia nguo za kufua.