Biri ya Mwisho ya Nieves

Wanaume wa mji wa San Juan y Martínez huijua tumbaku kabla hawajajua kufunga kamba za viatu, lakini Eleuterio aliwazidi wote. Miaka ishirini na miwili kiwandani, kazi yake ilikuwa kuonja biri: anavuta kidogo, anasukutua kinywa kwa chai isiyo na sukari, anatoa hukumu. Akisema mbovu, ni mbovu, hata msimamizi hafungui mdomo. Mkewe, Nieves, alikuwa msokotaji wa biri katika kiwanda hichohicho. Kila jioni alirudi na biri moja ndogo, fupi kama kidole, aliyoisokota kwa majani ya fungu alilogawiwa mwenyewe, akampa mumewe pale kizingitini pamoja na kahawa.

Watu walimuuliza, "Hivi wewe, biri zote kubwa zile unapewa bure, unang'ang'ania kidude hiki cha nini?" Naye hakukosa la kusema: jani la nje ni laini, moto unakula sawasawa, inakwisha kabla haijakukinaisha. Uongo mtupu! Utamu wake ulikuwa Nieves kukaa pembeni akichambua maharage, akiwasengenya wasimamizi mmoja baada ya mwingine mpaka jivu lianguke. Mtaa mzima ulilijua hilo isipokuwa yeye.

Nieves alizikwa mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo kinywa cha Eleuterio kikafa ganzi. Kahawa maji, nyama karatasi, biri moshi tu. Hakulia. Wengine wakasema ana moyo wa jiwe. Masikini, hakuwa na jiwe wala nini. Hakusikia kitu tu. Kiwandani walimvumilia miezi miwili, kisha wakataka jibu Jumatatu: anarudi mezani, au wamweke mwingine?

Kwenye kopo la biskuti ilikuwa imebaki biri moja ya Nieves. Aliiogopa. Hii nayo ikikosa ladha, basi tena.

Jumapili asubuhi jirani yake, Migdalia, akachungulia juu ya ua, akamkuta ameishika mkononi.

"We mzee, bado unaiatamia hiyo kama kuku? Dumuzi wataitoboa, ubaki na vumbi!"

"Niache, Migdalia."

"Sikuachi ng'o. Nieves mwenyewe angekuzaba kofi. Washa!"

Akawasha. Akavuta, akaushika moshi kinywani kama alivyozoea, akasubiri. Wapi! Akavuta tena. Hakuna kitu.

Lakini moshi ulikuja upesi mno. Bila kukusudia akaibonyeza kwa vidole, ikabonyea. Majani ya ndani hayakushikana, kama kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nieves huyo, aliyefundisha nusu ya wasokotaji wa kiwanda!

Ndipo akakumbuka. Tangu Januari zilikuwa hivi. Jioni moja alimtania, "Mama, siku hizi umekuwa bahili wa majani?" Nieves akacheka, akaficha mikono chini ya aproni. "Umezeeka wewe, unavuta kama fahali." Wakacheka wote wawili, Eleuterio akamaliza kahawa yake.

Vidole vya mkewe vilikuwa vinaisha nguvu, na kila jioni alipewa habari hiyo mkononi, ndani ya kitu alichokijua kuliko mtu yeyote wilaya nzima. Yeye akaona ubahili.

"Enhe, tamu?" Migdalia akauliza.

"Imelegea."

"Ati nini?"

"Zilianza kulegea Januari. Nilizionja kila siku, Migdalia. Kila siku ya Mungu."

Eleuterio akaivuta biri mpaka moto ukamfikia vidoleni, na maumivu nayo hakuyasikia sawasawa.

Jumatatu alikwenda kiwandani mapema kuwaambia watafute mwonjaji mwingine. Walipomuuliza kama ulimi bado haujapona, akasema ulimi hauna kosa, mwenye kosa ni mwenye ulimi.