Ulezi Uliolala

Kila mwaka naandika ubaoni mstari mmoja wenye mishale: mbegu, shamba, ghala, kijiji, mila, ustaarabu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaunakili kwa rula, nami nawaeleza kwamba yote yalianza siku watu walipotenga sehemu ya mavuno wakasema hii hatuli, hata njaa ituue. Walioweka mbegu ilibidi wakae mahali pamoja waitunze. Wakazika wazee wao hapohapo, wakawa na namna yao ya kuposa, ya kupika, ya kulia msiba, tofauti na ya watu wa ng'ambo ya mto. Nalifundisha vizuri somo hili, halafu jioni narudi zangu Iringo, huku mjini, nikanunue mkate.

Mama aliliishi somo hilo bila ubao, kijijini upande wa Butiama. Mbegu yake ya ulezi alipewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, naye alipewa na mkwe wake, na huko nyuma sijui mpaka wapi. Kila mavuno alichagua masuke bora, akayapura peke yake, akachanganya punje na majivu ili zisiingie wadudu, akazifunga kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko. Nyumbani kwetu mwenye mbegu akifa, mke wa mwanawe hukinga viganja mbele ya jeneza, na binti wa marehemu humimina mbegu humo. Hapo ndipo nyumba inapata mama mwingine. Hakuna hotuba.

Mwaka alipougua, mvua zilikuwa zimekataa misimu miwili. Majirani aliowahi kuwagawia mbegu walishahamia mahindi ya dukani, na wengine mashamba yao huko Buhemba yalikuwa mashimo ya dhahabu. Iliyobaki ni ya mama tu. Nilijua hayo yote, na ndiyo maana mpaka leo najichukia.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumuuguza. Kaka yangu na mkewe walikuwa Bunda kwenye pamba yao, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Uji wa mahindi aliutema. Siku ya tatu akasema roho yake inataka ulezi.

"Mama, ulezi upo?" nilimuuliza.

"Uliopo ni ule uliolala tu, mwanangu."

Nikafurahi. Kwangu mimi mtu wa mjini, chakula kilicholala ni cha siku zilizopita, kimebaki, na mgonjwa hachagui. Kibuyu, ambacho bado kilining'inia juu ya jiko, sikukigusa; nakiri kwa aibu kwamba hata nilijisifu kwa adabu hiyo. Nilipekua darini nikakuta kopo la plastiki lenye ulezi, umejaa majivu. Nikaguna kwamba mama siku hizi hasafishi vitu vyake. Nikaupepeta, nikauosha, nikauanika, nikaupeleka mashineni.

Alikunywa mafunda mawili akasimamisha kikombe.

"Huu una moshi."

"Ndiyo ule uliolala, mama. Ulikuwa kwenye kopo."

"Kibuyu kilipasukaga mwaka jana," alisema taratibu. "Nikauhamishia huko. Umesaga wote?"

"Wote. Nisikusumbue tena."

Ndipo nikaelewa. Kwa lugha yetu ya nyumbani, ambayo naisikia lakini naiongea kwa kuchechemea, mbegu iliyotengwa inasemwa imelala, mvua ndiyo itakayoiamsha. Mama alinitafsiria neno kwa neno. Alikuwa akiniambia kwamba ulezi wa kula haupo.

Nilipiga magoti nikalia kama mtoto. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinyoosha mkono akasema, "Lete kikombe. Usimwage." Akanywa mpaka chini, akageukia ukutani. Siku zilizofuata aliongea na mimi mambo madogo tu, maji, blanketi, kuku wamefungiwa au la. Alikufa kabla wiki haijaisha.

Ulezi wa sokoni ningeupata, lakini hata muuzaji asingejua umetoka kwa nani. Siku ya mazishi nilishika lile kopo, kwa kuwa sikujua nishike nini kingine. Mke wa kaka alijua mama aliugua, lakini hakujua habari ya uji, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Alisogea mbele ya jeneza akapiga magoti, akaunganisha viganja vyake vilivyochanwachanwa na pamba, akafumba macho kama inavyotakiwa. Nikamimina kilichobaki.

Akahisi wepesi wake. Akafumbua macho, akakitazama, akakisugua kwa kidole gumba.

"Wifi," alinong'ona, "mbona huu ni unga?"