Hema Langu Lilivyohudhuria Mkutano wa Kijiji

Ndugu zangu, kuna aibu ya kujikwaa sokoni ukainuka ukajifanya unafunga kamba ya kiatu, na kuna aibu ambayo hata miezi ikipita, ukisikia mtu anacheka njiani, anacheka mambo yake na simu yake, wewe unaongeza mwendo. Yangu ni hiyo ya pili. Nilitaka kufa nayo kimyakimya, ila mke wangu ameniambia bora nisimulie mwenyewe, maana mdogo wake ameshaisambaza nusu ya Singida mjini na kila akiisimulia nguo niliyokuwa nimevaa inazidi kuwa fupi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu kutwa nzima ni kukaa kiti cha abiria na kuwaambia watu wazima wenye familia zao kwamba hawasikii wanachoambiwa. Nyumbani nina mbwa anaitwa Bonge, wa rangi ya kahawia, kichwa kama ndoo, mwili kama gunia la vitunguu, roho ya kifaranga. Hajawahi kumng'ata mtu. Shida yake ni mapenzi, ukimpa chakula mara moja tu basi wewe ni wake, atakufuata hata msalani.

Sasa shemeji yangu Salome, huyo mdogo wake mke wangu, anauza dawa za mifugo na anapenda mbwa kuliko baadhi ya ndugu zake (sitaji majina). Ndiye aliyeanzisha mtindo wa kwenda kupiga kambi na mbwa kule Mgori, pembeni mwa msitu, kwa mjane mmoja anaitwa Mama Ntandu ambaye alitenga kipande cha shamba lake la alizeti, akajenga choo, akazungushia bafu la mabua ya mtama, akaweka mafiga, na watu wanakuja na mahema yao wanalala. Sehemu nyingine ukifika na mbwa wanakuangalia kama umekuja na fisi, lakini Mama Ntandu anakubali. Wanakijiji wenyewe walikuwa hawaelewi kabisa (na mimi siwalaumu, mtu ana nyumba ya bati mjini, ana kitanda, halafu anakuja kulala chini porini na mbwa wake na anaita hiyo ni mapumziko).

Tulikwenda watatu, Salome na mbwa wake Kipusa, jirani yangu Yusto na mbwa wake Jenerali, na mimi na Bonge. Tulifika Ijumaa alasiri, tukasimika mahema, na mimi langu lilikuwa dogo la mtu mmoja, la bluu, jipya. Ardhi ya pale ina mawe, ukigonga kigingi kinaingia vidole viwili kinagoma, nikasema inatosha, hakuna upepo. Mama Ntandu akawaletea mbwa ugali na mchuzi wa dagaa. Bonge alipomaliza akamwangalia yule mama kwa macho ambayo mimi sijawahi kuangaliwa nayo, na nimemlea tangu ana wiki sita.

Baada ya hapo mama akaketi nasi, akaongea taratibu.

"Wanangu, kesho saa tatu kuna mkutano wa kijiji, na jambo lenyewe ni hii kambi. Mwezi uliopita mgeni mmoja aliachia mbwa, akawakimbiza mbuzi wa Mzee Kidanka, mmoja akavunjika mguu. Mzee anataka pafungwe kabisa. Mimi nitasimama kujitetea. Mvua mwaka huu mmeiona ilivyokuwa, alizeti hazikutoa kitu, hapa ndipo ninapowasomeshea wajukuu. Nawaomba jambo moja tu, mbwa wafungwe kwenye ile migunga, wasitoke mpaka nirudi."

Tukaitikia wote kama wanafunzi. Mimi nadhani niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

Asubuhi mama akapita amevaa gauni lake la kanisani, viatu vimefutwa, akatuaga, akaelekea kijijini. Na Bonge, aliyekuwa amefungwa vizuri kabisa kwenye mgunga, akaanza kulia. Si kubweka, kulia, kama mtoto wa chekechea siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshajifunga taulo naenda kuoga, nikamwonea huruma, nikadhani ananililia mimi (kumbe mimi hata sikuwemo kwenye hesabu zake), nikamfungua pale mtini, nikamleta, nikamfunga kwenye pete ya chini ya hema ili awe karibu na harufu ya nguo zangu.

Salome alikuwa anaosha vikombe. "Shemeji, mama amesema kwenye mti."

"Shemeji," nikamjibu, na naomba mniwie radhi kwa jibu hili, "mimi nafundisha watu kusimamisha gari mlimani. Huyu haendi popote."

Nikaingia bafuni na ndoo yangu. Nimejipaka sabuni kichwa mpaka magotini, nasikia nyuma yangu sauti ya kitu kinang'oka, tap, tap, tap, tap, kama vifungo vya shati vinavyokatika. Nikachungulia kati ya mabua. Nikaliona hema langu linatembea. Sitanii, hema la bluu, limesimama wima kabisa, linaondoka kambini kwa mwendo wa kuridhisha kufuata njia aliyopita Mama Ntandu.

Hapo kila nguo niliyokuja nayo ilikuwa ndani ya hema. Na taulo lililobaki nami lilikuwa dogo, la kufutia nywele, nililichukua kwa makosa nyumbani, kutoka hemani mpaka bafuni lilitosha kwa fundo dogo na mwendo wa pole, lakini kukimbia nalo ilikuwa haiwezekani. Juu ya mabua kulikuwa na kanga ya Mama Ntandu imeanikwa. Nikaivuta, nikajifunga, nikatoka mbio na mapovu yangu. Nyuma nilimsikia Yusto akijaribu kuniita, lakini jina langu lilimshinda kwa kicheko.

Ile njia inapita katikati ya shamba, na alizeti za huko zilikuwa zimekauka lakini bado ndefu, kwa hiyo mbwa sikumwona hata kidogo, niliona kilele cha hema tu kikienda juu ya vichwa vya alizeti, kikikata kona, kikiendelea. Sakafu ya hema ilikuwa imeshachanwa na mawe, na njiani nikawa nakuta mali zangu. Mswaki. Soksi moja. Sufuria. Soksi niliiokota (sijui kwa nini, mtu akichanganyikiwa anaokota soksi), suruali sikuiona popote. Nikaita, "Bonge, kaa." Miaka mitatu nimewaambia watu kwamba mbwa wangu anajua neno hilo.

Shamba lilipoisha nikaona kitu kilichonikata maini. Mbuzi. Kundi zima la Mzee Kidanka limetawanyika kandokando ya njia, na Bonge anaenda moja kwa moja katikati yao akiburuta hema. Nikajua sasa basi, mama wa watu nimemmaliza. Mbuzi wakainua vichwa, wakasogea huku na huku, hema likapita katikati, na Bonge hakugeuza hata shingo. Alikuwa na safari yake.

Safari ilikuwa ya ofisi ya kijiji. Uwanjani watu wamejaa, wazee mbele kwenye viti vya plastiki, kina mama kwenye mabenchi, mwenyekiti mezani na makaratasi yake. Na aliyekuwa amesimama anaongea ni Mama Ntandu. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba wakati huo alikuwa ametoka kusema maneno haya: "Wageni nilionao leo ni watu wazima wenye akili, na mbwa wao wamefungwa, hamtamwona hata mmoja hapa."

Bonge akafika, akaketi miguuni pake, akaegemeza kichwa kwenye gauni la kanisani. Yeye safari yake ilikuwa imeisha, lakini hema lilikuwa bado na mwendo. Likachukua kona ya meza, makaratasi ya mwenyekiti yakaruka, kisha likamfunika mzee mmoja wa kiti cha mbele, lote, kama kikapu kinavyofunika kuku. Zipu ya mlango ikasogea kidogo, mkono ukatoka, na mkono ule ulikuwa umeshika bukta yangu.

Huyo ndiye alikuwa Mzee Kidanka.

Ndipo nilipotokea mimi, mapovu yameanza kukauka, kanga kiunoni, soksi mkononi. Na kwetu mnajua, hata ukiwa umetoka kufufuka, huwezi kufika mbele ya wazee ukaanza na maelezo. Nikasimama, nikainama kidogo (kidogo sana, kwa ajili ya ile kanga), nikasema, "Shikamooni wazee."

"Marahaba," wakaitikia wote kwa pamoja, na katika ile marahaba ndipo kicheko kilipopasukia. Kina mama walishikana mabega. Mmoja akawa ananisomea kwa sauti maandishi ya kanga yaliyokuwa nyuma yangu, "Nimetulia kwangu," akasoma tena, akashindwa kumalizia.

Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho wa shimo. Kumbe mtendaji wa kijiji, aliyekuwa pembeni ya mwenyekiti anaandika, ni dada mmoja anaitwa Pendo ambaye nilimfundisha gari mwaka juzi, na nilimfokea wiki tatu mfululizo kwa sababu alikuwa anashuka bila kuvuta hendibreki. Aliinua kichwa, akameza kicheko, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "hendibreki ulivuta?"

Uwanja ukacheka upya. Na wakati wote huo kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakucheka, Mama Ntandu. Alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja kichwani kwa Bonge, ananiangalia. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyejipanga tangu alfajiri, akafuta viatu, halafu mtu mzima mwenye ndevu akamharibia. Kicheko cha watu niliweza kukivumilia, lakini ile sura ilinishinda, nikajikuta namwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema.

"Sema," akaniambia, "lakini shika hiyo kanga."

Nikasema mama hana kosa hata chembe. Nikasema alituomba jambo moja, wenzangu wawili wakalifanya, mimi nikajiona najua. Nikawaambia wakimfungia mama kambi wanamwadhibu mtu asiyehusika, na kama mbuzi yeyote ameguswa nitamlipa, na yule mzee aliyemo hemani namwomba radhi kwa magoti (magoti yenyewe sikuyapiga, mnajua sababu).

Wakati huo Mzee Kidanka alikuwa ametolewa. Akakung'uta koti, akavaa kofia yake, akaiweka bukta yangu mezani juu ya makaratasi kwa heshima kabisa, kama mtu anayewasilisha kielelezo.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa upande unaotazama njia. Huyu mbwa nimemwona kwa macho yangu akipita katikati ya mbuzi wangu. Hakumgusa mmoja. Hakuwaangalia hata. Kwa hiyo mimi na mbwa sina tena maneno." Akanigeukia, akaniangalia kuanzia mapovu mpaka miguuni. "Tatizo ninaloliona mimi ni hili hapa."

Basi wakajadili, na mimi nimesimama nasikiliza najadiliwa kama shimo la barabarani. Mwisho mwenyekiti akauliza wanaokubali kambi iendelee na mbwa waruhusiwe wakiwa wamefungwa kwenye miti, mikono ikainuka mingi, wa Mzee Kidanka ukiwa wa mbele. Halafu akauliza wanaokubali kwamba huyu mwalimu asionekane pale, na mbwa au bila mbwa, mpaka mwaka uishe. Mikono ikainuka yote. Nilimwona Pendo akiacha kalamu ili ainue wa kwake.

Tulirudi kambini na Mama Ntandu, Bonge katikati yetu akiwa na furaha zake, mimi nimelibeba hema begani na suruali hatimaye nimeivaa (ilikuwa imejinasa ndani ya mfuko wa kulalia). Tulipofika karibu na shamba nikasema, "Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Kambi yangu imepona." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akasimama, akashikilia shina la alizeti, akacheka mpaka akafuta machozi na kona ya gauni. "Ila hiyo kanga," akasema alipopata pumzi, "uifue kabla hujairudisha."

Niliifua mara mbili. Na tangu siku ile nimeapa, mtu akiniambia funga kwenye mti, nafunga kwenye mti, sitafuti mlango wa pili. Hata darasani nimepunguza kufoka, mwanafunzi akikosea namuuliza tu ameelewaje.

Lakini adhabu yangu bado ipo. Kila mwisho wa mwezi, Ijumaa, Salome anapita nyumbani na gari, wanaelekea Mgori. Mimi nafungua geti. Bonge anapanda kiti cha mbele, kiti changu, anatoa kichwa dirishani, na gari likiondoka mke wangu ananipungia mkono kutoka kiti cha nyuma. Bonge hanipungii. Hata nyuma hageuki kuangalia.