Kujifunza Kuomba Kabla ya Tanga

Binti yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga, na katika ujumbe huo mmoja alinikataza kusema "leta", "kuja hapa" na "hapana taka". Alisema kwa upole, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. "Mama, huku watu hawasemi hivyo. Mama mkwe wangu ni mtu wa taratibu sana. Ukimwambia 'leta chai' atadhani amekukosea." Kisha akanitakia siku njema, tukabaki mimi na simu tunatazamana.

Nilikuwa nimealikwa likizo. Neno lenyewe lilinichanganya. Nimeshona sare za shule hapa Walukuba, pembeni ya mji wa Jinja, tangu nikiwa msichana, na shule zikifunga ndipo kazi inaponielemea, kwa hiyo likizo nilizozijua ni za watoto wa wenzangu. Sasa binti yangu, aliyeolewa huko kwa harusi ndogo ambayo sikuweza kufika, alitaka nikae naye wiki mbili, nipumzike, nimjue mama wa mumewe. Tiketi ya basi alishakata. Kazi yangu ilikuwa kujiandaa mimi na kuiandaa nyumba. Nyumba haikunitisha. Nilichoogopa ni kwamba nitafungua mdomo mbele ya yule mama, na binti yangu ataona haya kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Labda unashangaa, maana unanisoma kwa Kiswahili. Hiki nimekipata baadaye, kwa kusoma na kwa kukosolewa. Nilichozaliwa nacho kilikuwa kingine. Baba yangu alikuwa askari magereza kutoka kaskazini. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mgisu wa Mbale. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walikutana kwenye Kiswahili, nacho kilikuwa Kiswahili cha kambi: simama, leta, kimbia, funga mlango, hesabu watu. Ndicho walichooana nacho na ndicho walichotulea nacho. "Kula!" maana yake chakula kiko tayari. "Lala!" maana yake usiku mwema. Sikuona ubaya wowote, kwa sababu chakula kilikuwepo na kitanda kilikuwepo.

Neno moja tu lilipigwa marufuku. Siku moja nikiwa mdogo nilitoka kanisani, nimesikia watu wakisema "tunaomba", nikalipenda. Mezani nikamwambia baba, "Naomba sukari." Akaweka kijiko chini. "Hapa hakuna naomba," akasema. "Mutu ya kuomba ni mufungwa." Mama aliinama akaendelea kula. Sisi watoto hatukulisema tena ndani ya nyumba ile.

Sasa huko Tanga, kwa maelezo ya binti yangu, huwezi kupata hata chumvi bila naomba.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama Mwislamu anayeuza vitenge sokoni Jinja. Kwao Kiswahili ni cha nyumbani. Kina mito na mashuka. Nikamwambia shida yangu. Akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaniketisha. Tulianza na salamu, na hapo hapo nikapotea. Kijana akikwambia shikamoo, unajibu marahaba. Mkubwa wako unamwambia wewe shikamoo. Lakini mama mkwe wa binti yangu ni rika langu, sasa ni nani amwamkie nani?

"Mtaulizana hali," akasema jirani. "Hujambo, sijambo, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za safari."

"Zote hizo?"

"Na nyingine utaongezewa."

"Na chai inakuja saa ngapi?"

Akasema nina haraka ya mtu anayefukuzwa. Nilikasirika kidogo. Mimi nimelelewa na king'ora cha magereza. King'ora hakiulizi habari za watoto.

Nikawa najizoeza uani, nawaambia kuku marahaba. Jirani wa upande wa pili, Msoga mwenyeji wa hapa, mtu ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya askari na bunduki, akachungulia juu ya ukuta akauliza kwa Lusoga kama kuna askari wamekuja. Nikamwambia hapana, ni mimi, najifunza adabu. Akaingiza watoto wake ndani.

Siku niliyokwenda mjini kuchanjwa homa ya manjano nikaamua kujaribu kwa watu. Nilimsimamisha mwendesha boda, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia taratibu kama nilivyofundishwa, "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Naomba unipeleke mjini, tafadhali."

Akazima pikipiki. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Mama," akasema, "pesa hapana iko?"

"Iko!"

"Sasa naomba ya nini? Wewe nagonjwa?"

Nikamwambia siumwi. Akaendesha polepole njia nzima kama aliyebeba mayai, na tulipofika akanishika mkono nishuke. Nilimlipa nauli kamili, akaipokea kwa masikitiko. Nilisimama pale mbele ya kliniki sijui nicheke au nilie. Lugha niliyokuwa nayo ingemwaibisha binti yangu Tanga, na hii mpya ilikuwa inanifanya maskini Jinja.

Nyumbani mambo yalizidi kuvurugika. Nilikuwa nimeambiwa na binti yangu nizime gesi, nimalize vitu vya friji, nifunge madirisha, nitenge nguo. Nilipanga sanduku mara nne. Kila nikipanga naona nimejiandaa kwa mvua, nikipangua naona nimejiandaa kwa harusi. Halafu pasipoti ikapotea. Kambini karatasi ya ruhusa ya kusafiri tuliiita pasi, na nikibabaika ulimi wangu hurudi kambini. Nikatoka mbio nikamwuliza jirani yangu muuza vitenge, "Umeona pasi yangu?" Akasema ninayo yako, subiri, akarudi na pasi ya kunyooshea nguo niliyomwazima wiki iliyopita. Nikasema siyo hiyo, pasi! Akasema ndiyo hii, pasi. Tulisimama mlangoni na lile lichuma kati yetu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amerukwa na akili. Pasipoti ilikuwa ndani ya debe la mchele, nilikoificha mwenyewe ili isipotee.

Huyo huyo jirani ndiye aliyekubali kubaki na ufunguo. Nikamwandikia karatasi nikaibandika nyuma ya mlango: Lisha kuku asubuhi na jioni. Funga mlango wa uani. Zima taa. Mwagilia maua maji. Usisahau. Nilijivunia, kwa sababu ilikuwa fupi na inaeleweka. Alipokuja kuonyeshwa, akaisoma. Uso ukambadilika.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea kitu!"

"Mbona unanifokea kwa maandishi?"

Nikaisoma tena. Niliona kuku, mlango, taa na maua. Kufoka sikukuona. Nikatafuta kalamu nikaongeza juu ya kila mstari, kwa herufi ndogo za kubanana: naomba ulishe, naomba ufunge, naomba uzime. Akatabasamu, akasema sasa hata taa yenyewe itafurahi kuzimwa. Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama mbele ya karatasi ile nikijiuliza ni watu wangapi nimewafokea maishani bila kujua. Wateja wangu. Marehemu mume wangu. Binti yangu mwenyewe, ambaye pengine alikwenda kuolewa Tanga kwa sababu mtu wa Tanga alimwambia naomba. Jambo hilo liliniuma, na sikuwa na wa kumuuliza.

Siku mbili kabla ya safari nilikwenda Mbale kumuaga baba. Anaishi huko, mtaa wa Nabuyonga, na mdogo wangu wa kike, ambaye mchana huwa dukani kwake. Nilikuwa na sababu nyingine pia: jirani alinikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi, nami nilitaka kumpelekea yule mama malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa ambayo sisi tunayapika na karanga. Njiani nilijiambia nitanunua malewa, nitamuaga mzee kwa Kiswahili chake kile kile, na nitarudi. Sikutaka anivurugie ulimi ambao ndiyo kwanza ulikuwa unanyooka. Nasema ukweli, nilikuwa namwonea haya.

Nilimkuta kavaa shati lililopigwa pasi, amekaa wima kama anayengojea ukaguzi. Ana miaka themanini na kitu, masikio yake bado mazima, magoti yamemkataa. Nikapika chai, nikachemsha ndizi, tukakaa. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia, akauliza tena. Kwake mtu huondoka kwa sababu mbili, uhamisho au msiba. Kwenda mahali kukaa tu, halafu kurudi, hakukuelewa.

"Nani ametuma wewe?"

"Hakuna, baba. Ni likizo."

"Nani ametia sahihi?"

"Mimi mwenyewe."

Akatikisa kichwa. Kikombe chake kilikuwa kimeisha. Nikanyoosha mkono, na kabla sijajikamata, lile zoezi la wiki mbili likatoka lenyewe: "Baba, naomba kikombe chako nikuongezee chai, tafadhali."

Hakukitoa. Alikikumbatia kifuani, akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona baba yangu ameogopa.

"Nani amekufunga?" akauliza.

Nikacheka, halafu nikaona kwamba hatanii. Nikamwambia sijafungwa, ni Kiswahili cha Tanga. Nikamweleza kwamba huko watu wote husema hivyo, na si aibu, wala si kwamba mtu hana kitu.

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa."

"Afande naomba kwa askari?"

"Anaomba, baba. Anasema, naomba uniletee ile faili."

Akafikiri. Nadhani alikuwa anawapitisha maafande wake mmoja mmoja, akiwajaribisha neno hilo. Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Sema tena."

Nikasema tena. Naomba kikombe chako. Akanipa safari hii, nikamimina chai, nikamrudishia. Nikamwambia sasa wewe unasema asante. Akasema asante, kwa sauti ya gwaride. Akataka mengine, nami nikampa yote niliyokuwa nayo, bila mpango, kama mtu anayemwaga mkoba mezani: tafadhali, samahani, pole na kazi, umeshindaje, karibu mezani. Kila moja alilisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Na bibi?" akauliza. Bibi kwa Kiswahili chake ni mke. "Kwa bibi yake mutu nasema nini?"

Nilikuwa sijafundishwa. Jirani yangu ni mjane na mimi ni mjane. Tulizungumza habari za wakwe tu. Nikatunga. "Anasema, mke wangu, naomba chai, tafadhali. Akiletewa, anasema asante. Na mke akitoka shambani, anamwambia pole na kazi, karibu ukae."

"Kila siku?"

"Nadhani kila siku."

Midomo yake ikasogea, bila sauti. Alikuwa anarudia. Nje mtu alipita akiuza nyanya, akaita, akaenda zake.

"Mimi hapana jua Swahili kama hii iko," akasema mwishowe. "Walifundisha mimi ile ya kazi peke yake." Akatazama ndani ya kikombe. "Mama yako alikufa na ile ya kazi."

Nilitaka kumwambia kwamba mama alielewa. Kwamba "kula" ya baba sisi sote tuliijua ina nini ndani yake. Lakini nilijua hivyo kweli? Nilimkumbuka mama siku ile ya sukari, jinsi alivyoinamisha kichwa akaendelea kula, na miaka yote hii nimedhani alikuwa upande wa baba. Sasa sikuwa na hakika. Huenda alilisikia neno lile likitoka kwangu akalipenda kama mimi.

Baba akaishika sahani ya ndizi. Ilikuwa karibu yake, na mimi nilikuwa sijala chochote tangu nifike. Akaiinua kwa mikono miwili, akainama mbele kwa shida, akaiweka mbele yangu. Akatafuta maneno. Nikaona anayapanga, moja baada ya jingine.

"Mutoto yangu," akasema polepole. "Naomba kula. Tafadhali."

Jirani yangu angemsahihisha pale pale. Husemi naomba kula, unasema naomba ule; kwa alivyolisema yeye, ni kwamba yeye ndiye mwenye njaa, ndiye anayeomba apewe. Nilifungua mdomo nimweleze tofauti. Alikuwa ananitazama, anangoja kuona kama amepatia.

Nikasema asante, baba. Nikala.